Kufundisha Uandishi wa Hadithi Fupi: Fikra Kutoka Mwambao wa Ruvuma

Inapozungumzwa habari ya utamaduni wa taifa, fikra za wengi wetu huelekea kwanza kwenye ngoma, vinyago, mavazi na mila za jando na unyago. Mkoa wa Mtwara hutajwa mara nyingi katika mazungumzo hayo, kwani sifa za sindimba na za kinyago cha mpingo zimekwisha kuvuka bahari. Ni nadra mtu kutaja daftari la utungaji la mwanafunzi wa kidato cha pili. Hata hivyo, ni katika daftari hilo ambamo vijana wetu wengi huandika hadithi yao ya kwanza, na kwa wengi wao huwa ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo namna hadithi hiyo inavyoombwa, inavyoandikwa na inavyosahihishwa si jambo dogo la ratiba ya shule. Ni jambo la utamaduni.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki hadithi hiyo ya daftari na kuyahakiki mafundisho yanayoizaa. Hoja yetu ni moja. Tumemzoesha mwanafunzi kuanza na funzo, kisha atafute watu wa kulibeba. Sisi tunaona kwamba njia iliyo sahihi ni kuanza na mtu aliye mahali fulani, aliyebanwa na jambo fulani, na kuliacha funzo lijitokeze lenyewe, kama lipo. Mifano yetu tutaitoa katika mwambao unaoanzia Mikindani, ukapita Mtwara na Msimbati, hadi maingilio ya mto Ruvuma. Lakini mwalimu wa Bukoba au wa Mpanda ataona kwamba ugonjwa tunaousema haumhusu mwalimu wa Mtwara peke yake.

Hadithi ya daftari

Mwalimu yeyote wa Kiswahili anaweza kuzitambua dalili zake. Hadithi huanza kwa "hapo zamani za kale", hata kama ndani yake mna simu ya mkononi. Mhusika mkuu huitwa Mzee Tamaa au binti Sikujua, yaani hukumu yake imekwisha kutolewa katika jina kabla hajafungua kinywa. Mambo hutendeka Dar es Salaam, katika nyumba ya ghorofa yenye geti na gari, ingawa mwandishi hajapata kuvuka daraja la Rufiji. Katikati hutokea onyo ambalo halisikilizwi. Mwisho huja ajali, ugonjwa au jela, kisha sentensi moja ya kufungia: hadithi hii inatufundisha kwamba majuto ni mjukuu.

Tusimlaumu mwanafunzi. Mara nyingi swali lenyewe humpa methali na kumtaka atunge kisa cha kuithibitisha. Mtu aliyepewa mwisho kabla ya mwanzo hana la kutafuta, na kazi yake ni kutengeneza njia iliyonyooka inayofika pale alipoamriwa kufika. Wala tusimlaumu mwalimu peke yake. Mwenye madaftari mengi ya kusahihisha kabla ya Ijumaa hutafuta vitu vinavyohesabika, na funzo ni kitu kinachohesabika: lipo au halipo.

Sababu nyingine imo katika historia ya somo lenyewe. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umepata kulelewa vizuri. Kitabu cha kwanza cha Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, kilichohaririwa na Farouk Topan, kilitoka mwaka 1971, na cha pili kikafuata mwaka 1977. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakamwonyesha msomaji jinsi shairi linavyojengwa. Hadithi fupi nayo ilikuwa ikikua: Gabriel Ruhumbika alitoa mkusanyo wake Uwike Usiwike Kutakucha mwaka 1978, na Said Ahmed Mohamed akatoa Si Shetani si Wazimu mwaka 1985. Lakini darasani hadithi fupi ilibaki kuwa tawi dogo la insha. Mwanafunzi alifunzwa kuipasua kazi ya mwingine na kuitaja dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo. Hakufunzwa namna ya kuanza ya kwake. Matokeo yake ni kwamba anapoambiwa atunge, hutunga jibu la swali la uhakiki. Huandika ujumbe kwanza, kisha huuvika nguo.

Je, ndivyo walivyosimulia wazee?

Hapa watetezi wa hadithi ya daftari wana hoja yenye uzito, na hatuna budi kuijibu. Wanasema kwamba fasihi yetu ya jadi ni ya kufundisha, na kwamba kuondoa funzo ni kuiga mageni.

Tuzitazame basi ngano zenyewe. Edward Steere alichapisha mkusanyo wa ngano za Kiswahili zilizosimuliwa Unguja mwaka 1870. Huyo ndiye askofu ambaye mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, wakafanya makazi huko. Katika ngano za namna hiyo, na katika zile ambazo bado husimuliwa vijijini mwetu, yumo Sungura. Sungura hula asali ya Simba, huwaingiza wenzake matatani, kisha huponyoka kwa maneno matupu. Haadhibiwi wala hajuti. Kesho yake yupo tena katika ngano nyingine akifanya yaleyale, na wasikilizaji hucheka. Funzo gani limo humo ambalo mwalimu angeliandika ubaoni? Kwamba wizi hulipa? Kwamba mnyonge huishi kwa akili? Ngano haisemi. Humwachia msikilizaji aamue, naye huamua kwa kadiri ya umri wake na ya mambo yaliyompata.

Ni kweli kwamba zipo ngano nyingi zinazofundisha waziwazi. Lakini wazee wetu wa Kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, walikuwa na mahali maalumu pa mafundisho ya waziwazi, napo ni jandoni na unyagoni. Huko mwari aliambiwa lililo halali na lililo mwiko, kwa nyimbo na kwa mafumbo yaliyofafanuliwa. Ngano ya jioni ilikuwa na kazi nyingine. Aidha, msimulizi alikuwa na sauti, mikono, na wasikilizaji wa kumwitikia. Aliweza kuongeza neno la kuonya akimtazama mtoto fulani aliyekuwa mkaidi mchana ule. Mwandishi wa daftari hana mtoto wa kumtazama. Ana maneno tu, na onyo lisilo na mtu wa kuonywa huwa kelele.

Hata methali, ambazo tumezifanya kuwa hakimu wa mwisho, zenyewe hushindana. Moja husema haraka haraka haina baraka. Nyingine hujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Jamii iliyohifadhi zote mbili haikuwa jamii iliyoogopa swali. Kwa hiyo tunapomwambia mwanafunzi athibitishe methali moja bila kuijaribu, tunamnyima sehemu ya urithi wake mwenyewe.

Mfano wa baruti

Maelezo matupu hayatoshi. Tuchukue jambo moja linalojulikana katika mwambao huu. Kwa miaka mingi uvuvi wa baruti uliharibu matumbawe ya pwani yetu, na kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000 kulikuwa na shabaha ya kuyalinda mazingira hayo. Mifano miwili ifuatayo tumeitunga wenyewe kwa ajili ya makala haya, lakini wa kwanza utatambuliwa na kila msahihishaji.

"Hapo zamani za kale palikuwa na mvuvi mmoja aliyeitwa Mzee Tamaa. Mzee Tamaa alivua kwa baruti bila kujali sheria za nchi. Watu walimwonya lakini hakusikia. Siku moja baruti ilimlipukia akakatika mkono. Alilia na kujuta sana. Hadithi hii inatufundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Hakuna kosa la sarufi hapa. Onyo lenyewe ni la kweli, kwani wapo wavuvi waliopoteza mikono. Lakini hatumwoni mtu. Hatujui Mzee Tamaa alikuwa na watoto wangapi, wala alikula nini siku iliyotangulia, wala ni nani aliyenunua samaki wake. Walionunua wametoweka kabisa katika hadithi, na hiyo ni bahati njema kwao, kwani huenda sisi sote tumo miongoni mwao. Sasa tutazame mfano wa pili.

"Mama alimpasua changu, akakuta damu imeganda kwenye uti wa mgongo na mifupa imevunjikavunjika. Hakusema neno. Alimwosha mara mbili, akamkata vipande, akawasha moto. Baba alikuwa barazani akikunja jamvi. Juu ya kasha palikuwa na shati langu jipya la shule, bado limo katika karatasi yake. 'Umelijaribu?' baba aliuliza. Nikasema bado. Siku ya Jumatatu mwalimu wa Baiolojia alituambia tuchore tumbawe."

Neno baruti halikutajwa, wala sheria, wala majuto. Lakini mtu wa Msimbati akisoma kuhusu mifupa iliyovunjika ndani ya samaki mzima atajua mara moja samaki huyo alivuliwaje. Atajua pia shati lilinunuliwa kwa fedha gani, na kwa nini kijana hajalivaa. Mama anajua, kijana anajua, baba anajua kwamba wanajua, na hakuna anayesema. Hapa pana mgogoro wa kweli: shule inayomfundisha kijana thamani ya tumbawe ndiyo shule ambayo tumbawe lilivunjwa ili aende. Mzee Tamaa hakuweza kutufikisha huko, kwa sababu yeye alikuwa mbaya tangu jina lake.

Mfano huo una kasoro pia, nayo ni nzuri kwa kufundishia. Msomaji wa Tabora asiyejua samaki wa baruti anaweza asielewe. Mwalimu amwulize mwandishi: utamsaidiaje msomaji huyo bila kumhutubia? Huenda jirani akapita na kutania kwamba leo bahari ilipiga ngurumo pasipo mawingu. Sentensi moja kama hiyo hutosha. Kazi ya kuitafuta ndiyo kazi ya uandishi.

Namna ya kufundisha

Kutokana na mfano huo tunaweza kupendekeza hatua chache ambazo hazihitaji fedha wala vifaa vipya.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Kabla ya kuandika hadithi, kila mwanafunzi alete kitu kimoja alichokiona kwa macho yake wiki ile, akieleze katika sentensi tano bila kutoa hukumu. Mmoja ataleta wanawake wanaotafuta pweza maji yakipwa. Mwingine ataleta mashua inayovusha watu kwenda Msangamkuu, na mama aliyekosa nauli. Mwingine ataleta gunia la korosho lililorudishwa mnadani. Mwanafunzi aliyedhani kwamba fasihi iko Dar es Salaam ataanza kushuku kwamba huenda ilimpita mlangoni.

Hatua ya pili ni kubana. Hadithi fupi haina nafasi ya kusimulia maisha ya mtu tangu kuzaliwa hadi kufa, ingawa hivyo ndivyo hadithi nyingi za daftari zinavyojaribu kufanya katika kurasa mbili. Mwanafunzi achague siku moja, mahali pamoja, na uamuzi mmoja ambao si rahisi. Mama aliyekosa nauli ya mashua aombe, asubiri, au arudi? Kila jibu lina gharama yake, na pale penye gharama ndipo hadithi ilipo.

Hatua ya tatu inahusu lugha. Kijana wa pwani anajua bamvua na maji mafu. Anajua pepo za kusi na za kaskazi, na nini kila moja humfanyia mvuvi. Lakini akiingia darasani huandika kwamba bahari ilichafuka, basi. Amedhani kwamba Kiswahili sanifu ni Kiswahili kilichooshwa kikatoka rangi. Mwalimu akikutana na neno asilolijua asilikate kwa wino mwekundu kabla hajauliza. Vivyo hivyo mhusika mzee wa Kimakonde ana haki ya kutamka neno la Kimakonde katika mazungumzo, iwapo maana yake itafahamika kutokana na muktadha. Taifa halidhoofishwi na neno hilo. Linasikika tu kwa upana wake.

Hatua ya nne ni kupunguza. Hapa mchongaji wa Kimakonde ni mwalimu mwema. Katika kinyago cha ujamaa watu wengi hupandana na kushikamana, nao wote wametoka katika gogo moja la mpingo. Mchongaji hakuongeza kitu, aliondoa. Mwanafunzi aambiwe kwamba nakala ya kwanza ni gogo. Airudie, aondoe sentensi zinazoeleza lile ambalo tendo limekwisha kulionyesha, na aanze na ile ya mwisho inayosema hadithi hii inatufundisha. Mchongaji huyohuyo atufunze jambo jingine: kando ya kinyago cha ujamaa kipo kinyago cha shetani, chenye jicho moja na viungo vilivyopindana. Hatusemi basi kwamba mwanafunzi lazima aandike yale tu yanayoweza kutokea. Kezilahabi alipoiita hadithi yake Mayai Waziri wa Maradhi, jina peke yake liliipindua wizara ya afya, na msomaji akajua anaingia katika dunia iliyopinda kwa makusudi. Ndoto na mazimwi yanaruhusiwa, ili mradi yatoke katika hofu ya mtu na si katika haja ya kumaliza kisa haraka.

Hatua ya tano ni kusomeana. Darasa likiwa kubwa ligawanywe makundi ya watano watano. Msomaji asome kwa sauti, na wasikilizaji wamweleze mambo mawili tu: waliona nini, na walipotea wapi. Wasiseme ni nzuri au mbaya. Kisha aandike tena. Mwalimu naye, badala ya kuandika "Funzo?" pembeni, aandike swali moja kuhusu mtu: kwa nini mama hakusema neno? Makosa ya tahajia yasahihishwe katika nakala ya pili, kwani hakuna faida ya kupiga rangi ukuta utakaobomolewa.

Lakini mtihani?

Walimu watatuuliza, nao wana haki, kwamba mtihani bado waweza kudai methali. Tunajibu kwamba methali ichukuliwe kama swali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: mkuu yupi? Je, akiwa mkuu ndiye aliyekosea? Mwanafunzi amtafute mtu ambaye kwake methali hiyo ni ngumu, aandike siku yake moja. Atakuwa amejibu swali, na atakuwa ameandika hadithi.

Pingamizi kubwa zaidi ni la maadili. Wengine wanahofu kwamba kijana akiachwa aandike ukweli ataandika yasiyofaa. Hofu hiyo si mpya. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa shuleni kwa muda, kisha baadaye ikasomeshwa shuleni humohumo. Kilichoonekana kuwa hatari kwa vijana kilikuwa ni picha ya binti aliyeharibiwa na malezi ya kipigo na ukali usio na mazungumzo. Funzo lake ni zito kuliko la hotuba nyingi, lakini msomaji hulipata kwa kumfuata Rosa hatua kwa hatua, wala si kwa kuambiwa.

Hata hivyo, ukweli una wajibu wake, na katika mwambao wetu wajibu huo ni mzito. Hapa pana mambo ambayo bado ni mabichi. Mwaka 2013 ghasia zilizuka mkoani Mtwara kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha. Mto Ruvuma, uliowavusha wakimbizi wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964, umewaona tena watu wakikimbia mapigano ya Cabo Delgado yaliyoanza mwaka 2017, hasa baada ya mji wa Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021. Darasani anaweza kuwamo kijana ambaye jamaa zake wako ng'ambo ya pili. Mwalimu asimlazimishe kuandika habari hizo, wala asisome kazi yake mbele ya wengine bila idhini yake. Amfundishe kubadili majina, kijiji na mwaka, na kumpa mhusika lile ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisema. Hiyo ni mojawapo ya faida kongwe za hadithi: huruhusu mtu kusema bila kuwataja jirani zake. Na yule baba wa shati jipya asije akakamatwa kwa sababu mwanawe alipata alama nzuri.

Hitimisho

Mwaka 1962 taifa changa liliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hatuamini kwamba majina hayo mawili yaliwekwa pamoja kwa bahati tu. Utamaduni usiopita mikononi mwa vijana hubaki kuwa kitu cha kuonyeshwa wageni. Leo zipo tuzo za kuwatia moyo waandishi, ikiwamo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Pwani ya Kusini imekwisha kulipa taifa Ebrahim Hussein, ambaye Kinjeketile yake ya mwaka 1969 haikumfanya shujaa wa Majimaji kuwa sanamu ya kuabudiwa, bali mtu anayelitilia shaka neno lake mwenyewe. Lakini tuzo humfikia mtu aliyekwisha kuwa mwandishi. Kabla ya hapo lipo daftari.

Mwanafunzi anayeandika Mzee Tamaa kila muhula hujifunza jambo moja kwa hakika: kwamba maandishi ni mahali pa kuwaambia wakubwa yale wanayotaka kuyasikia. Atalichukua funzo hilo hadi ofisini, mkutanoni na gazetini. Mwanafunzi aliyeulizwa kwa nini mama hakusema neno, akarudi nyumbani, akafikiri, akaandika tena, amejifunza jingine. Walimu wenzetu, tuanze muhula ujao na swali hilo.